Kuchagua Hadubini ya Maabara na Kuitumia Ipasavyo

Mtu anayenunua hadubini kwa mara ya kwanza huuliza inakuza mara ngapi, na ndiyo maana namba kubwa kama 2000 huandikwa kwa herufi nene kwenye boksi. Swali hilo si la kwanza kwa umuhimu. Hadubini ya kibiolojia inayotumika katika maabara za shule, za hospitali na za utafiti hukuza kwa hatua mbili: lenzi kiolwa, iliyo karibu na sampuli, hutengeneza taswira ya kwanza, kisha lenzi ya jicho huikuza taswira hiyo. Lenzi kiolwa ya 40 ikitumiwa pamoja na lenzi ya jicho ya 10, ukuzaji wa jumla ni mara 400. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini haisemi lolote kuhusu undani utakaoonekana. Undani hutegemea namna hadubini inavyokusanya mwanga, na huko ndiko mnunuzi anapaswa kuelekeza macho yake.

Ubavuni mwa kila lenzi kiolwa kuna namba mbili zinazofuatana, kwa mfano 40/0.65. Ya kwanza ni ukuzaji. Ya pili ni namba ya upenyo, inayoeleza jinsi pembe ya mwanga ambayo lenzi inaweza kuipokea kutoka kwenye sampuli ilivyo pana, na hiyo ndiyo inayoamua kama nukta mbili zilizokaribiana zitaonekana kuwa mbili au zitaungana kuwa doa moja. Mwanafizikia wa Ujerumani Ernst Abbe alieleza mwaka 1873 kwamba mpaka huu unatokana na mwanga wenyewe kuwa wimbi, kwa hiyo kuisanifu lenzi kwa ustadi zaidi hakuwezi kuuondoa. Kwa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 550, lenzi ya 10/0.25 hutenganisha nukta zilizoachana kwa takriban mikromita 1.3 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ya 40/0.65 hufika mikromita 0.5, na ya 100/1.25 hufika mikromita 0.27. Kutokana na hayo imekubalika kwamba ukuzaji wenye manufaa ni kati ya mara 500 na mara 1000 ya namba ya upenyo. Lenzi ya 1.25 basi haifaidiki na ukuzaji unaozidi takriban 1250. Ukiweka juu yake lenzi ya jicho ya 20 utafika 2000 kwa hesabu, ila utakachokiona ni ukungu uleule uliopanuliwa.

Kuchagua

Uchaguzi huanza na kazi. Anayefundisha muundo wa tishu za mimea atafanya karibu kila kitu kwa lenzi za 4, 10 na 40. Anayetafuta bakteria waliotiwa rangi au vimelea vya malaria katika damu hawezi kukwepa lenzi ya 100 inayotumiwa na mafuta. Anayechunguza seli hai zisizo na rangi, ambazo karibu zote hupitisha mwanga bila kuupunguza, atahitaji mfumo wa utofauti wa awamu, unaozifanya seli kama hizo zionekane kwa tofauti za weusi na weupe, uliobuniwa na Frits Zernike, Mholanzi aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1953 kwa ajili yake. Mfumo huo una lenzi zake na kondensa yake, kwa hiyo ni vyema ujue mapema kama utauhitaji.

Kuhusu daraja la lenzi, zile za akromati hurekebisha kasoro ya rangi kwa kiwango kinachotosha kazi nyingi, lakini taswira yake hupinda, hata katikati pakiwa safi kingo zinafifia. Lenzi zilizoandikwa "Plan" husawazisha uwanja mzima, yaani eneo lote linaloonekana. Kwa maoni yangu, mtu anayehesabu seli au kupekua slaidi kwa saa nyingi anapaswa kulipia usawazisho huu kabla ya kulipia jambo jingine lolote la anasa, maana jicho linalolazimika kurekebisha ulengaji kila mara huchoka, na jicho lililochoka hupitwa na mambo. Lenzi za apokromati, zinazorekebisha rangi kwa ukamilifu zaidi na ambazo ni ghali mno, zina nafasi yake katika upigaji picha wa hali ya juu. Angalia pia alama ya ∞ au namba 160 kwenye lenzi: hiyo hueleza mfumo wa mwili wa hadubini ambao lenzi ilitengenezewa, na lenzi za mifumo hiyo miwili hazichanganywi.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni kondensa, yaani lenzi zilizo chini ya jukwaa, pale slaidi inapowekwa, zinazoukusanya mwanga wa taa na kuuelekeza kwenye sampuli. Lenzi kiolwa nzuri juu ya kondensa mbovu haiwezi kutoa uwezo wake wote. Kwa maabara, kondensa iwe na namba ya upenyo isiyopungua ile ya lenzi yako kubwa, kwa kawaida 1.25, iweze kupandishwa na kushushwa, na iwe na dayaframu, yaani tundu la kupitisha mwanga linaloweza kupanuliwa au kufinywa, inayofunguka na kufunga polepole. Hadubini yenye kisahani cha matundu mahali pa dayaframu inafaa kwa mtoto anayeanza kujifunza, haifai kwa kazi ya maabara. Ikiwa kitako kina dayaframu ya pili iliyo mbele ya taa, na kondensa ina skrubu za kuiweka katikati, hiyo ni sababu nzuri ya kuichagua hadubini hiyo kuliko nyingine.

Mambo mengine yaamuliwe haraka. Taa ya LED haina joto kali na hudumu muda mrefu. Lenzi mbili za jicho ni bora kuliko moja kwa yeyote atakayekaa kazini zaidi ya dakika chache. Mrija wa tatu unahitajika tu ukikusudia kufunga kamera. Mvaaji wa miwani atafute lenzi za jicho zenye alama ya miwani, kwani zinaruhusu jicho kukaa mbali kidogo.

Kabla ya kulipa, omba slaidi iliyotiwa rangi uijaribu. Lenga kwa lenzi ya 10, kisha geuzia ya 40: kitu ulichokuwa unakitazama kibaki karibu na katikati, na skrubu ndogo ya kulenga iguswe kidogo tu ili taswira ikae sawa. Ondoa mikono, subiri dakika chache. Taswira ikipotea yenyewe, jukwaa linashuka kwa uzito wake. Sogeza slaidi pande zote uone kama jukwaa linakwenda bila kukwama. Mwisho, tazama kwa macho yote mawili kwa muda: picha mbili zikikataa kuungana, au kichwa kikianza kuuma, mihimili ya lenzi haijapangwa sawa, na kasoro hiyo hurekebishwa na fundi peke yake.

Kutumia

Hadubini hubebwa kwa mikono miwili, mmoja kwenye shina la hadubini na mwingine chini ya kitako. Ukishaketi, rekebisha umbali wa lenzi za jicho hadi uone duara moja la mwanga, kisha lenga kwa jicho la upande usio na pete ya marekebisho huku lingine limefumbwa, halafu lenga kwa jicho la pili kwa kuzungusha pete peke yake bila kugusa skrubu.

Kazi huanza na lenzi ndogo. Tazama kwa ubavuni, pandisha jukwaa hadi slaidi ikaribie lenzi bila kuigusa, kisha tazama kupitia lenzi ya jicho huku ukilishusha polepole hadi taswira itokee. Kwa mwelekeo huo huwezi kuvunja slaidi. Ukifika lenzi ya 40, skrubu kubwa ya kulenga haiguswi tena, kwa kuwa nafasi iliyobaki kati ya kioo na lenzi haifiki milimita moja.

Sasa panga mwanga, kwa njia ambayo August Köhler aliieleza mwaka 1893 na ambayo haijapata mbadala katika kazi za kawaida. Ukiwa umelenga sampuli kwa lenzi ya 10, funga dayaframu ya kwenye kitako hadi uone kingo zake ndani ya uwanja. Pandisha au shusha kondensa mpaka kingo hizo ziwe kali, zilete katikati kwa skrubu za kondensa, kisha ifungue dayaframu hadi ipite ukingo wa uwanja kidogo tu. Halafu chomoa lenzi moja ya jicho, tazama ndani ya mrija, na ufunge dayaframu ya kondensa hadi duara la mwanga libaki kama asilimia 70 hadi 80 ya upana wake. Kila ukibadilisha lenzi kiolwa, dayaframu hizi hurekebishwa upya.

Kosa linaloharibu kazi katika maabara nyingi ni kutumia dayaframu ya kondensa kupunguza ukali wa mwanga. Mwanga mkali hupunguzwa kwenye taa. Dayaframu ikifungwa mno, namba ya upenyo inayofanya kazi hushuka, na kingo za seli huzungukwa na mistari myeusi ambayo haimo kabisa kwenye sampuli. Mtazamaji asiyejua atairipoti mistari hiyo kana kwamba ni ukuta wa seli. Kwa sampuli isiyo na rangi mtu anaweza kuifunga zaidi ili aone angalau umbo, mradi ajue kwamba anapoteza undani.

Lenzi ya 100 huhitaji mafuta kwa sababu mwanga unaotoka kwenye kioo, chenye kipeo cha mpindo (kipimo cha jinsi kitu kinavyoupinda mwanga) cha takriban 1.52, ukiingia hewani hupinda na miale ya pembeni hupotea. Mafuta yenye kipeo cha 1.515 huifanya njia hiyo kuwa kama kioo kimoja. Weka tone moja kwenye slaidi, geuzia lenzi hadi iguse tone, pandisha kondensa hadi juu, na utumie skrubu ndogo tu. Baada ya hapo usirudi kwenye lenzi ya 40 kupitia mafuta hayo, kwani lenzi hiyo hutumika kavu.

Namba 0.17 kwenye lenzi ni unene, kwa milimita, wa kifuniko cha slaidi kilichokusudiwa. Ndiyo sababu slaidi ya damu isiyofunikwa huonekana hafifu kwa lenzi ya 40 na safi kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. Tone la mafuta na kifuniko juu yake huondoa ukungu huo mara moja.

Ukitaka kupima ukubwa, chembe nyekundu ya damu ya binadamu, yenye kipenyo cha mikromita 7 hadi 8, ni kipimo cha haraka. Kwa usahihi, linganisha rula iliyo ndani ya lenzi ya jicho na slaidi ya vipimo, ambayo kwa kawaida ni milimita 1 iliyogawanywa mara 100: sehemu 40 za rula zikilingana na sehemu 10 za slaidi, yaani mikromita 100, kila sehemu ya rula ni mikromita 2.5. Thamani hiyo ni ya lenzi kiolwa hiyo pekee.

Kila mwisho wa kazi futa mafuta kwa karatasi laini ya lenzi, si kwa nguo. Vumbi lipulizwe kwa pampu ya mpira kabla ya kufuta, kwa kuwa chembe yake moja huchuna kioo. Shusha jukwaa, rudisha lenzi ndogo, zima taa, funika. Mahali penye unyevunyevu, weka hadubini kwenye kabati kavu pamoja na silika jeli, yaani chembe zinazofyonza unyevu, inayobadilishwa inapojaa maji, kwa sababu kuvu huota juu ya vioo na kuacha alama za kudumu. Lenzi iliyokwisha kuota kuvu kwa ndani ipelekwe kwa fundi, isifunguliwe mezani.