Namba hasi na sehemu: kuzipanga, kuzijumlisha na kuzitoa bila kukariri

Fomu wani wengi wa tuisheni hapa Mbeya wanakuja na wimbo mmoja kichwani, "hasi na hasi ni chanya", afu wanauimba kila mahali. Ukiwapa −3 + (−5) wanakuandikia 8 na wanakuangalia kwa kujiamini kabisa. Hiyo kanuni ni ya kuzidisha na kugawanya, kwenye kujumlisha iweke pembeni, tutafika huko.

Kwanza zijue namba zenyewe. Za kuhesabia ni 1, 2, 3 na kuendelea. Ukiongeza 0 unapata namba nzima, ukiongeza na zile za upande wa pili −1, −2, −3 zote kwa pamoja zinaitwa namba kamili. Namba wiano ni yoyote inayoandikika kama sehemu, juu namba kamili na chini namba kamili ila isiwe 0. Kila kundi limo ndani ya linalofuata, kwa hiyo 7 ni ya kuhesabia, ni nzima, ni kamili na ni wiano pia maana 7 = 7/1, usije ukaikataa eti kwa sababu haina kamstari.

Wengi wanachemka kwa sababu wanaangalia sura ya namba. Rahisisha kwanza ndo uipange kwenye kundi lake. −12/4 ina sura ya sehemu ila ni −3, namba kamili hiyo. √9 ni 3, lakini √2 haiandikiki kama sehemu hata ukeshe nayo, kwa hiyo sio wiano. Kwenye desimali, inayoishia kama 0.75 ni wiano (3/4), na inayojirudia bila kuisha nayo ni wiano, wengi hapo wanabisha. Haya tuangalie 0.272727... tuiite x. 100x ni 27.2727..., toa x pande zote, mkia wote unafutika, inabaki 99x = 27, kwa hiyo x = 27/99 = 3/11. Umeona? Isiyoisha NA isiyojirudia ndo inatoka kwenye kundi, mfano pai. Na 22/7 je? Hiyo ni wiano, ni makadirio ya pai tu, inaanza 3.1428 wakati pai inaanza 3.1415.

Sasa kujumlisha. Chanya ni hela uliyonayo, hasi ni deni lako kwa mangi mwenye duka. −3 + (−5): jana ulichukua mchele wa elfu 3 ukaandikwa kwenye daftari, leo umechukua sukari ya elfu 5 ukaandikwa tena, unadaiwa elfu 8, jibu −8. Mangi gani huyo ambaye ukikopa mara mbili anakupa hela? Basi alama zikifanana jumlisha, alama ibaki ile ile. Zikitofautiana, kama −9 + 4, unadaiwa 9 umelipa 4, bado 5, jibu −5, yaani unatoa ndogo kwenye kubwa bila kuangalia alama, afu unaweka alama ya ile kubwa.

Kutoa mimi nasema usitoe. Alama ya kutoa igeuze iwe ya kujumlisha, na namba ya pili igeuze alama yake, ya kwanza USIIGUSE. 4 − 9 inakuwa 4 + (−9) = −5. −4 − 7 inakuwa −4 + (−7) = −11, hapa watu wanaandika 3 sijui wanaitoa wapi. 6 − (−2) inakuwa 6 + 2 = 8, ukiondolewa deni la 2 hali yako imepanda kwa 2. Au chukulia usiku wa Julai kule Kitulo kwenye baridi joto limeshuka mpaka nyuzi −2 na mchana likafika nyuzi 11, limepanda ngapi? 11 − (−2) = 13.

Kwenye sehemu hakuna sheria mpya, asili (namba za chini) zifanane tu kwanza. −2/3 + 1/4, KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 3 na 4 ni 12, inakuwa −8/12 + 3/12, kule juu ni −8 + 3, jibu −5/12. Mtego uko kwenye namba mchanganyiko: −1½ ni −3/2, hiyo hasi imeshika vyote viwili, ile 1 na ile nusu. Kwa hiyo −1½ − (−¾) = −6/4 + 3/4 = −3/4. Desimali panga nukta kwa nukta: −2.4 + 0.75, chukua 2.40 toa 0.75 ni 1.65, kubwa ilikuwa hasi, jibu −1.65.

Fanya hizi bila simu: −7 + 12, −7 − 12, 5/6 − (−1/3), na −0.5 + ¼. Majibu ni 5, −19, 7/6 na −¼. Ile ya pili ukipata 5 au −5, rudi pale kwenye −4 − 7.