Kujiandaa kwa Kilomita 190 kwa Siku Moja: Kutoka Mwenge hadi Msata na Kurudi Bagamoyo

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu ambaye tayari anamudu kilomita 40 juu ya baiskeli ya barabarani bila kuteseka, na ambaye sasa anatamani kumaliza takriban kilomita 190 kwa siku moja. Njia nitakayoitumia kama mfano naifahamu vizuri kwa kuwa nimeipita mara nyingi, mara moja nikiwa juu ya lori: unatoka Mwenge, Dar es Salaam, unapita Tegeta, Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, unaendelea kwa barabara ya lami ya kilomita 64 kwenda Msata, kisha unarudi na kumalizia safari Bagamoyo. Habari ya lori nitaieleza mahali pake.

Umbali huo sikuuchagua ovyo. Waendeshaji wa masafa marefu wanaofuata taratibu za audax, yaani safari ndefu zenye kikomo cha muda, zinazosimamiwa kutoka Ufaransa na Audax Club Parisien, huanzia kilomita 200, ambazo hutakiwa kukamilishwa ndani ya saa 13 na nusu, ndipo wapande hadi 300, 400 na 600, na wenye roho ngumu wakajaribu Paris–Brest–Paris, yenye kilomita zipatazo 1200 na kikomo cha saa 90. Ukigawanya kilomita 200 kwa saa 13 na nusu utaona kuwa wastani unaohitajika haufiki hata kilomita 15 kwa saa, mapumziko yakiwemo. Umbali wa namna hii haumdai mtu kasi; unamdai asiwe na haraka, na kwa uzoefu wangu hilo ndilo gumu zaidi kulifundisha.

Hatua ya kwanza: panga siku kwa kuutazama upepo

Kwa wakazi wa pwani, kalenda ya baiskeli ni kalenda ya wavuvi. Kaskazi huvuma miezi ya joto kali, kuanzia Desemba hadi karibu na Machi. Masika hufuata na kuharibu mipango ya kila mtu. Kisha kusi hushika, na kati ya Juni na Agosti hewa hupoa kidogo. Mimi huchagua Julai au Agosti, kwa sababu joto humchosha mwendeshaji kuliko upepo, lakini uchaguzi huo una gharama yake. Anayetoka Mwenge wakati wa kusi husukumwa mgongoni hadi Bagamoyo, akajiona hodari kuliko alivyo. Mchana, anapogeuza Msata kurudi upande wa bahari, hukutana uso kwa uso na upepo wa baharini ambao huongezeka nguvu kadiri nchi kavu inavyopata joto. Nguvu alizozitumia kujionyesha asubuhi ndizo atakazozitafuta alasiri asizione.

Hesabu wiki 12 kurudi nyuma kutoka siku uliyoichagua. Kwa safari ya Agosti, mazoezi yataanza Mei, masika yakiwa bado yanamalizikia, kwa hiyo kubali mapema kwamba siku kadhaa utalowa.

Hatua ya pili: baiskeli ikukae mwilini

Huhitaji baiskeli ya gharama kubwa. Baiskeli nyingi nzuri zinazoendeshwa Dar es Salaam ni za mtumba, na fundi mwenye mkono mzuri ana thamani kuliko fremu ya kaboni. Kinachohitajika ni kipimo. Kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuyumba. Ukiweka sehemu pana ya unyayo mahali pa kisigino, goti litakunja kidogo, na hapo ndipo linapotakiwa kuwa. Kiti kilicho chini mno huumiza goti kwa mbele. Kilicho juu mno huumiza nyuma yake. Maumivu ambayo kwa kilomita 30 ni kero ndogo, kwa kilomita 150 humteremsha mtu barabarani.

Tumia matairi ya upana wa milimita 28 ikiwa fremu inayapokea, na usiyajaze hadi yawe kama mawe. Mtu wa kilo 70 anatosheka na psi (kipimo cha msukumo wa hewa kinachosomwa kwenye pampu) 70 hadi 80. Suruali fupi yenye sifongo huvaliwa bila nguo ya ndani, na mafuta mazito ya mgando hupakwa sehemu zinazosuguana. Wengi huona haya kuuliza jambo hili, nao hulilipia kwa malengelenge.

Hatua ya tatu: wiki 12 za mazoezi

Endesha mara tatu kwa wiki. Siku ya Jumanne nenda saa moja kwa mwendo laini. Alhamisi tafuta mwinuko. Kwa wakazi wa Dar es Salaam vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe vinatosha, na kazi yako itakuwa kupanda mara 4, kila mara kwa dakika 4 au 5 za bidii halisi, ukiteremka taratibu ili kupumua. Jumamosi ni siku ya safari ndefu, na hiyo ndiyo uti wa mgongo wa mpango mzima.

Jumamosi nne za kwanza ziwe kilomita 50, 60, 75, kisha urudi chini hadi 50. Nne zinazofuata ziwe 85, 100, 115, kisha 70. Wiki ya 9 nenda kilomita 130, yaani Bagamoyo na kurudi pamoja na mzunguko mdogo mjini, ya 10 nenda 150, ya 11 punguza hadi 80, na ya 12 ni safari yenyewe. Wiki za kupunguza hazirukwi. Misuli haipati nguvu wakati wa kukanyaga pedali, bali katika siku za kulala na kula zinazofuata, na mwanafunzi anayeongeza kilomita kila wiki bila kupumzika kwa kawaida hunipigia simu wiki ya sita kuniambia goti limevimba.

Hutalazimika kufikisha 190 katika mazoezi. Aliyemaliza 150 akiwa bado na hamu ya kula ana uwezo wa 190.

Hatua ya nne: jifunze mwendo wa mazungumzo

Sasa habari ya lori. Mara ya kwanza nilipojaribu njia hii niliondoka na kundi la vijana wepesi, na sikutaka waniache. Tulifika Bagamoyo kwa muda ambao niliutangaza kwa watu kwa fahari, tukafika Msata nikiwa bado nazungumza, ingawa kwa maneno machache. Kwenye safari ya kurudi, kabla ya Kiwangwa, miguu iligoma. Haikuwa na maumivu. Ilikuwa tupu kabisa, kama kibuyu. Nilimaliza njia nikiwa nimelala juu ya shehena ya mananasi, maana Kiwangwa ndiko yanakotoka kwa wingi, baiskeli ikiwa pembeni yangu, na dereva akinihurumia kwa namna iliyonikera kuliko angenicheka.

Kilichotokea kina maelezo. Mwili huhifadhi wanga kidogo tu, takriban gramu 400 hadi 500 katika misuli na ini, wakati mafuta hata ya mtu mwembamba yanatosha kwa siku nyingi. Ukiendesha polepole, sehemu kubwa ya nguvu hutoka kwenye mafuta. Ukihema kwa nguvu, mwili huugeukia wanga, na akiba ile huweza kumalizika ndani ya saa mbili au tatu. Ikishakwisha, hapana ujasiri unaoweza kuirudisha papo hapo.

Kipimo cha mwendo ulio salama hakihitaji kifaa. Sema sentensi ndefu kwa sauti, ukipenda hesabu kutoka 1 hadi 15 bila kukata pumzi. Ukishindwa, punguza. Fanya hivyo kila nusu saa katika kilomita 100 za kwanza, na ufanye pia kila unapopanda mwinuko, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapojisahau. Tumia gia nyepesi, miguu izunguke mara 80 hadi 90 kwa dakika. Gia nzito huupa moyo nafuu kidogo lakini huichosha misuli ambayo utaihitaji jioni. Mtu akikupita, mwache apite. Asilimia kubwa ya waliowahi kunipita Mapinga nimewakuta wamekaa chini ya mwembe mbele ya safari, na sikuwapita kwa kuwa na nguvu zaidi yao.

Hatua ya tano: kula kabla ya njaa, kunywa kwa kipimo

Lenga gramu 40 hadi 60 za wanga kwa kila saa, ukianza ndani ya dakika 45 za kwanza, tumbo likiwa bado limeshiba uji na chapati za alfajiri. Chakula hicho huhitaji kukiagiza ng'ambo. Ndizi mbivu ya ukubwa wa kawaida ina gramu 25 hivi. Tende ndogo 5 zinakaribia kiasi hicho hicho. Kashata ya karanga huingia mfukoni na haiharibiki kwa jua. Maandazi ni mazuri mpaka saa nne asubuhi, baadaye hukauka na kukwama kooni. Epuka chakula kizito chenye mafuta mengi Msata, hata kama harufu ya nyama choma inakuita kwa jina lako, kwa sababu damu inayohitajika miguuni itaitwa tumboni.

Kuhusu maji, jipime mwenyewe. Siku moja ya mazoezi jipime uzito kabla ya kutoka na baada ya kurudi, ukiwa umejikausha jasho: kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji ambayo hukuirudisha. Katika joto la pwani wengi huhitaji kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Maji matupu kwa saa 9 ni hatari kwa upande mwingine, kwani jasho huondoa chumvi, na anayekunywa mengi bila kuirudisha huweza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, wenzake wakadhani ana kiu na kumwongezea maji yaleyale. Katika chupa ya mililita 750 mimi huweka vijiko vikubwa 3 vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi na ndimu moja. Madafu ni mazuri kwa ladha na potasiamu, lakini chumvi ya kawaida ndani yake ni kidogo, kwa hiyo yasichukue nafasi ya chupa hiyo.

Kila chakula utakachokula siku ya safari kiwe umekwisha kukijaribu Jumamosi mojawapo. Tumbo halipendi ugeni.

Hatua ya sita: mzigo

Beba tyubu 2, viraka na solusheni, vijiti vya kufungulia tairi, pampu, funguo za kukazia, taa ya mbele na ya nyuma, simu na fedha taslimu. Pancha nyingi za barabara hii hazitokani na misumari, bali na nyuzi nyembamba za waya zilizobaki kwenye vipande vya matairi ya malori yaliyopasuka. Kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha vidole ndani ya tairi polepole hadi uupate uzi huo. Usipouondoa, tyubu itatoboka tena baada ya mita chache. Jizoeze kubadilisha tyubu nyumbani hadi uweze kuifanya kwa dakika 10 bila kuuliza mtu.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Ondoka saa 12 kamili asubuhi, taa zikiwaka na helmeti kichwani. Hadi Bunju barabara ni ya daladala na bodaboda, na daladala huingia kituoni bila kuaga, kwa hiyo usijibane kati yake na ukingo wa barabara, subiri nyuma. Bagamoyo simama dakika 15 tu, jaza chupa, uondoke.

Baada ya daraja la mto Ruvu barabara huanza kupandapanda taratibu, vijiji hutawanyika na kivuli hupungua. Baadhi ya mabasi yaendayo mikoa ya kaskazini hupita hapa kwa kasi. Kaa kushoto, lakini usiendeshe juu ya ukingo wenyewe wa lami, na usikie sauti ya nyuma: basi kubwa linapokupita upepo wake hukusukuma nje kwanza, halafu hukuvuta ndani, na mikono iliyolegea huumudu mtikisiko huo kuliko mikono iliyokakamaa.

Msata pumzika dakika 40. Vua viatu, kula ulichozoea, jimwagie maji shingoni. Kisha rudi kwa mwendo ambao utauona wa aibu. Upepo utakuwa usoni, nawe utashawishika kuupiga vita. Inama kidogo, punguza gia moja, na usiangalie kasi hadi Kiwangwa. Kama mko wawili au zaidi, pokezaneni mbele kila baada ya dakika 5, gurudumu la nyuma la aliye mbele na la mbele la anayemfuata yakiachana kwa nusu mita hivi, asiwepo wa kukaa mbele kwa sababu ya heshima. Ukienda kilomita 21 kwa saa na kupumzika kwa saa moja na robo kwa jumla, utaingia Bagamoyo kama saa kumi na robo jioni, jua likiwa na saa mbili kabla ya kuzama.

Usipange kurudi Dar es Salaam kwa baiskeli siku hiyo. Zungumza mapema na mwenye gari atakayekubali kubeba baiskeli, au ulale Bagamoyo. Na utakaposhuka, tembea dakika 10 kabla ya kukaa, kunywa ile chupa ya chumvi iliyobaki, ndipo uagize wali na samaki.