Somo: Jinsi ya kupanga mtoko wa shoo na washkaji Dar, kuanzia kurudi nyumbani

Wakuu, salaam. Mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, magrupu ya WhatsApp yanajaa mabango: vichekesho Masaki, bendi Kinondoni, taarab Magomeni, tamasha Leaders. Watu kumi wanajibu "nipo", siku yenyewe wanatokea watatu, na mmoja kati yao hana nauli ya kurudi. Mimi ndiye mratibu wa kundi letu (cheo sikugombea, nilisukumiwa), na huu ndio utaratibu wetu. Naanzia mwisho wa usiku kwa makusudi, maana mitoko mingi inaharibikia kwenye kurudi.

Hatua ya 1: Mtarudije?

Kabla hujauliza nani anapanda jukwaani, uliza ukumbi uko wapi na kila mtu analala wapi. Shoo zetu hazianzi saa iliyoandikwa kwenye bango, kwa hiyo hata kuisha haziishi mapema. Mkitoka Masaki saa 7 usiku, daladala zimelala, mwendokasi imelala, na aliyepanga Gongo la Mboto anaanza kuangalia simu bila kusema kitu. Gari za kuita kwa simu kama Bolt zipo, ila muda ule ukumbi mzima unaita gari kwa mara moja. Bei inapanda, na dereva anakupigia kwanza: "Bosi, unaelekea wapi? Unalipa keshi?" Ukimtajia Mbagala, anakata simu na safari anaifuta.

Dawa yake ni Noah. Mkiwa sita au saba, mnakodi moja, mnaelewana na dereva bei ya kwenda na kurudi, nusu anapewa mkifika ukumbini, nusu anapewa akimshusha wa mwisho. Usimmalizie hela yote mwanzoni hata kama ni jamaa yako wa mtaani, usiku atapata abiria wengine na simu itazimwa. Mkiwa wachache, gawaneni kwa njia: wa Barabara ya Morogoro gari moja, wa Barabara ya Kilwa jingine, wa Kigamboni wapite darajani wasikae kusubiri pantoni. Kila aliyefika kwake anaandika kwenye grupu "nimefika". Asiyeandika anapigiwa mpaka apokee, hata kama kalala.

Hatua ya 2: Shoo ifanane na watu wako

Hapa ndipo waratibu wengi wanabeba kundi kama lilivyo na kulimwaga popote. Vichekesho na bendi ni mambo mawili tofauti kabisa. Kwenye vichekesho mnakaa, mnanyamaza, mnasikiliza. Yule mwenzenu asiyeweza kukaa dakika tano bila kutia neno atawaharibia, na mchekeshaji akimgundua mmekwisha. Cheka Tu ya Coy Mzungu imewazoesha watu wa Dar kulipa kiingilio kumsikiliza mtu mmoja na maiki yake. Waliozoea Orijino Komedi ya akina Joti, Mpoki na Masanja, yenye maigizo na mavazi, mara ya kwanza wanashangaa: "Mbona anaongea tu?" Wape nusu saa.

Jueni pia kwamba vichekesho vyetu vina makabila ndani. Mchaga na hela, Mhaya na kujisifu, Msukuma mgeni mjini. Wangoni na Wahehe walipigana vita, leo ni watani wanaotaniana mpaka misibani, ila kuna mtu kazaliwa mjini utani haujui na anaununia wiki nzima. Kama mnaye wa hivyo, mpelekeni kwenye bendi.

Bendi ni ya kundi lenye umri mchanganyiko. Kama anakuja mjomba au baba mdogo, Msondo na Sikinde hawatakuangusha. Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, Sikinde ni Mlimani Park ya 1978, na ushindani wa hizo mbili ni kama Simba na Yanga kwa wazee wetu. Wakipambanishwa sikukuu, fika mapema upate meza. Vijana wanaotaka sebene na wanenguaji, Twanga Pepeta ndiyo kwao. Taarab ni ya watu waliovaa. Ukienda na fulana na sendo hufukuzwi, ila utajisikia mwenyewe.

Kalenda nayo ina maneno yake. Machi mpaka Mei ni masika, usiwakatie watu tiketi ya uwanja wa wazi kama Leaders bila kujiuliza mvua ikinyesha mnakimbilia wapi. Ramadhani burudani nyingi zinasimama au kupungua, halafu Idi Mosi zote zinarudi kwa mkupuo na kumbi zinajaa.

Hatua ya 3: Hela kabla ya nguo

Sote tumekaa kwenye kamati za harusi, tunajua ahadi ni kitu gani. Kwenye mtoko hakuna ahadi, kuna muamala. Weka siku ya mwisho, mfano Jumatano saa 2 usiku. Ambaye hela yake haijaingia hahesabiwi kwenye Noah wala kwenye meza, akitaka aje kivyake.

Chukulia kiingilio ni 20,000. Ongeza chakula na vinywaji 15,000, usafiri 10,000, akiba 5,000. Hiyo ni 50,000 kwa kichwa, na kwa watu 8 ni 400,000. Akiba ndiyo kila mtu anataka kuifuta kwenye bajeti. Usikubali. Ndiyo inayolipa maegesho, maji ya ziada, na yule atakayepoteza simu. Ikibaki, inanunua supu alfajiri.

Mratibu atoe taarifa ya kila shilingi kwenye grupu, na picha ya risiti juu yake. Ninyi ni marafiki, na ndiyo sababu.

Hatua ya 4: Tiketi

Tiketi ya mapema karibu kila mara ni nafuu kuliko ya mlangoni. Nunua kwenye namba au sehemu iliyotajwa kwenye ukurasa wa waandaaji wenyewe, si kwa mtu aliyejibu kwenye maoni "ninazo mbili nauza". Ukilipa kwa lipa namba, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likija jina la mtu binafsi ambalo hulielewi, acha.

Sasa sikilizeni hili vizuri. Tiketi za siku hizi zinakuja kwenye simu na alama ya mraba ya kuskani. Ukishaipata unaipiga picha na kuiweka status: "Jumamosi tukutane ndani." Ile alama haijui uso wako. Atakayetangulia kuiskanisha mlangoni ndiye mwenye tiketi, na wewe ukifika mashine inaandika imeshatumika. Baunsa hana la kufanya, na kubishana naye mbele ya foleni hakujawahi kumsaidia mtu. Kama lazima utambe, funika ule mraba kwa kidole.

Hatua ya 5: Muda wa kutoka

Vichekesho wahini, maana anayeingia kwa kuchelewa taa zikiwa zimezimwa ndiye anageuzwa kichekesho cha kwanza. Bendi msiwahi sana. Mwanzo wanapiga taratibu, waimbaji wakubwa bado hawajapanda, na mkianza kuagiza saa 2, mpaka saa 5 inapokolea hela imeisha.

Hatua ya 6: Mkiwa ndani

Kwa vichekesho, mstari wa mbele ni wa watu waliokubali kuchekwa. Wapenzi wapya, wenye vipara na waliovaa suti wanashughulikiwa wa kwanza. Ukiulizwa swali kutoka jukwaani, jibu kwa ufupi na ukweli. Usijaribu kumshinda mwenye maiki, atakuwa na jibu na ukumbi mzima uko upande wake. Na usirekodi. Kichekesho kimoja kinasafiri Dar, Dodoma, Mwanza, Arusha. Kikishavuja mtandaoni, wa Mwanza wanakisubiri wakijua mwisho wake, na mtu wa watu anabaki na maiki mkononi.

Kwa bendi, jihadharini na rapa. Anatembea kati ya meza na maiki yake, anainama kwa mmoja wenu kwa heshima zote, "mkubwa, nakutaja nani?" Jina linatajwa, ukumbi unageuka kuwaangalia, na hapo mnategemewa kutoa. Si lazima iwe kubwa, ila isiwe patupu. Sisi tunatenga noti za kutunza (kuwazawadia wanamuziki) tangu nyumbani, zikiisha tunatabasamu na kucheza. Unapomtunza mwimbaji, mpe mkononi au mbandike kwenye paji kwa upole, kisha shuka. Kuganda jukwaani mbele ya wanenguaji na simu yako ni ushamba.

Hatua ya 7: Bili

Lipeni kila mzunguko unapoletwa. Mkishindwa, chupa tupu zisiondolewe mezani mpaka bili ihakikiwe, na mhudumu awe yule yule mmoja, jina lake mlijue tangu mwanzo.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Tabata: Mkuu, tuna mshkaji kila tukitoka anasema mtandao unasumbua, hela imegoma kutoka kwenye simu. Tunamlipia, kesho kasahau. Tumwache?

Jibu: Msimwache, mpeni kazi. Mfanyeni mweka hazina wa mtoko unaofuata, michango yote iingie kwake na orodha ya waliolipa aiweke yeye kwenye grupu. Jina lake likikosekana kwenye orodha anayoiandika mwenyewe, mtandao utatengemaa. Ila Noah mlipe ninyi.

Dada wa Mbezi: Tuko wasichana watupu, wanne, tunataka kwenda bendi. Kaka zetu wanasema si sehemu ya kwenda wenyewe.

Jibu: Dada, bendi zimejaa wanawake, na wengine ndio wanaozimiliki. Twanga Pepeta imejengwa na Asha Baraka. Meza yenu iwe karibu na kaunta au mlango, si kwenye kona ya giza. Kinywaji kifunguliwe mbele yenu, na kikiachwa peke yake kimwagwe. Bia "iliyotumwa na yule bosi pale" irudishwe na shukrani, maana akishaileta anakuja kukaa. Namba ya gari itumwe kwa mtu aliye nyumbani kabla hamjapanda. Chooni nendeni wawili wawili.

Mdau wa Magomeni: Kwenye taarab nilimuona mama mmoja anaenda kutunza huku akimtazama mwenzake wa meza ya pili, wakaanza kurushiana maneno. Nini kile?

Jibu: Ulishuhudia mpasho ukifika kwa mwenyewe. Wimbo wa mafumbo ukipigwa, anayeinuka kutunza anaweza kuwa anasema "hayo maneno nayatuma mimi". Kwa hiyo kama wewe ni mgeni wa mambo hayo, sikiliza beti mbili tatu kwanza ujue anasemwa nani, na ukitoka kutunza tazama jukwaa tu. Ukitaka ile ya kukaa kwa utulivu, fidla, ganuni na udi, hiyo ni ya Unguja. Culture Musical Club wapo tangu 1958, na Ikhwani Safaa tangu 1905. Huko ugomvi wa meza kwa meza huukuti.

Mdau wa Morogoro: Sisi wa mji kasoro bahari tunaweza kuja kwa SGR tukaangalia shoo na kurudi?

Jibu: Kuja ndiyo, tangu 2024 treni imerahisisha sana. Kurudi usiku ule ule msahau, shoo inakolea wakati stesheni imefungwa. Tafuteni pa kulala, mkate tiketi ya asubuhi ya kuchelewa kidogo, siyo ile ya kwanza. Halafu mji uliomtoa Mbaraka Mwinshehe kufuata bendi Dar, hapo mmetuheshimu.

Mdau wa Nairobi: Hapa kwetu shoo nyingi za vichekesho zinarekodiwa kwa ajili ya TV. Kuna tofauti?

Jibu: Ipo. Ya kurekodiwa inakuwa ndefu, mnaweza kuombwa kupiga makofi upya au kusubiri kamera zihamishwe. Kuleni kabla ya kuingia, na ambaye hataki sura yake ionekane akae nyuma au pembeni. Mengine yote ni yale yale, weka matatu mahali pa daladala.

Mdau wa Kinondoni: Tulilipia shoo, msanii mkubwa hakutokea, tukaambiwa "tiketi zenu zitatumika siku nyingine". Hiyo siku haijafika mpaka leo.

Jibu: Pole. Ujumbe wa muamala usiufute, na bango lenye jina la msanii lihifadhi kwenye simu, ndio ushahidi wako. Andikeni kwa mwandaaji kwa pamoja, orodha moja yenye namba zote za miamala, badala ya kila mtu kulalamika kwenye maoni. Na kuanzia sasa ingia kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe siku mbili tatu kabla. Kama shoo yake ya Jumamosi haitangazi, kuna jambo.

Dada wa Kigamboni: Nataka niwapeleke watu wa ofisini Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la Zanzibar. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na malazi, kwa sababu Februari Mji Mkongwe unajaa mapema. Tamasha lipo tangu 2004, na kwa miaka mingi limefanyika ndani ya Ngome Kongwe, ila thibitisha ukumbi wa mwaka husika kabla hujalipa. Boti ya kasi inachukua kama saa mbili kutoka Dar. Mwambie kila mtu abebe kitambulisho, maana tiketi ya Mtanzania ina bei yake nafuu na mlangoni wanaweza kukiomba. Viatu vya visigino virefu viacheni Kigamboni, vile vichochoro vya mawe havina huruma. Na jioni kuleni Forodhani kabla ya kuingia. Uliza bei ya mshkaki kabla haujawekwa kwenye sahani yako.