Gari Likikamatwa kwa Kosa la Uhamiaji Marekani: Jinsi ya Kulidai

Sheria ya uhamiaji ya Marekani, kifungu cha 1324, inairuhusu serikali kukamata na kutaifisha gari, chombo cha majini au ndege iliyotumika kuwaingiza, kuwasafirisha au kuwaficha watu wasio na kibali, pamoja na mapato ya kosa hilo. Shauri huwa dhidi ya mali yenyewe, kwa hiyo mwenye gari anaweza kulipoteza hata kama hajashtakiwa.

Hatua ya kwanza ni kuisoma barua ya taarifa, ambayo tangu mageuzi ya sheria ya utaifishaji ya mwaka 2000 kwa kawaida hutakiwa kutumwa ndani ya siku 60 baada ya kukamatwa. Tarehe ya mwisho ya kudai haiwezi kuwekwa kabla ya siku 35 kupita, lakini siku hizo huhesabiwa tangu barua ilipotumwa, nayo ni hatari kwa aliyehama makazi.

Hatua ya pili ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu barua hukupa njia mbili zinazofanana kwa juu juu. Ombi la kusamehewa, yaani kuomba urudishiwe mali kwa hisani, huamuliwa na idara ileile iliyokamata mali. Dai huilazimisha serikali kwenda mbele ya jaji au kuiachia mali, kwa kawaida ndani ya siku 90. Mwenye utetezi wa kweli, kwa maoni yangu, asiliache dai. Taja mali, eleza haki yako juu yake, kisha utie saini kwa kiapo. Hutakiwi kuweka dhamana ya fedha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, gari ni langu ila aliliendesha mdogo wangu, nami sikujua amebeba nani. Nitapona?*

Sheria humlinda mwenye mali asiye na hatia, lakini ni juu yako kuthibitisha kwamba hukujua, au kwamba ulipojua ulifanya kila liwezekanalo kuzuia, kwa mfano kuwaarifu polisi mapema na kumnyima ruhusa ya kuliendesha.

*Bila gari siwezi kwenda kazini. Nisubiri hadi hukumu?*

Ukishawasilisha dai, unaweza kuomba urejeshewe gari kwa muda kwa sababu ya dhiki hiyo. Idara isipolirejesha ndani ya siku 15, peleka ombi mahakamani, ukionyesha kwamba una makazi na mizizi mahali unapoishi, hivyo gari litapatikana litakapohitajika.

*Na kama barua haikunifikia?*

Una siku 30 za kudai baada ya tangazo la mwisho la ukamataji huo kuchapishwa hadharani.