Kwenye fomu za Marekani, "arrive" si kufika kwa shangazi

Fomu I-765, ya kuomba kibali cha kazi Marekani, inauliza tarehe na mahali pa "last arrival", yaani ulipoingia nchini mara ya mwisho. Hapo ndipo nilipoumia. Nilitua Dulles, karibu na Washington, jioni. Afisa akanigongea muhuri, nikalala kwenye viti nikisubiri ndege ya asubuhi ya Minneapolis. Aliyenijazia fomu, mtu wa kwetu anayelipwa kwa kazi hiyo, akaandika Minneapolis na tarehe ya kesho yake, eti huko ndiko nilikofika. Ikaja barua: mbona maelezo haya hayalingani na kumbukumbu za mpakani? Nikakaa bila kibali, kodi ya nyumba akilipa dada yangu.

Kwetu mtu hajafika mpaka apokelewe na mabegi yatuliwe. Serikali ya hapa inahesabu pale afisa wa mpaka alipokuruhusu kuingia, basi. Ukitoka Nairobi moja kwa moja hadi New York, kisha ukaunganisha Dallas, mahali ulipofikia ni New York. Narudia: si mji unaoishi, ni mlango ulioingilia. Ingia i94.cbp.dhs.gov, fungua I-94 yako, yaani kumbukumbu ya serikali ya kuingia kwako nchini, unakili tarehe kama ilivyo, ukikumbuka kwamba hapa mwezi hutangulia: 03/04 ni Machi 4.

Na hiyo "last" isikupite. Ukienda nyumbani kuzika ukarudi, tarehe ni ya kurudi Marekani kutoka msibani, si ya mwaka ule ulipokuja mara ya kwanza. Namba ya I-94 nayo hubadilika. Wanaoomba hifadhi ndio wawe macho zaidi, maana sheria inawapa mwaka mmoja tangu kuingia nchini, si tangu kupata chumba.

Kwa mazungumzo: "arrive in" mji au nchi, "arrive at" uwanja au nyumba, "reach" haitaki kihusishi. Kwenye usaili ukiulizwa ulifika lini, taja tarehe ya I-94, safari ya usiku usiisimulie.

Mama wadogo mnaopiga simu kuuliza "siku moja tu ndiyo inakutesa?", ndiyo, mama, inatesa. Watu wa huku ni wepesi wa tabasamu, dirishani utaitwa mpenzi, lakini karatasi ndiyo inayoaminiwa, si mdomo. Nawaheshimu kwa jambo moja: hakuna aliyeniomba chai. Ila pia hakuna mzee wa kumwendea ukamweleza akakuelewa.

Usiweke sahihi kabla hujasoma kisehemu hicho mwenyewe, hata kama aliyekujazia ni binamu yako. Hifadhi pasi za kupandia ndege na pasipoti ya zamani. I-94 yenyewe ikiwa na kosa, usiisahihishe kwa kuandika tarehe yako kwenye fomu: nenda kwanza ofisi ya CBP, idara ya forodha na ulinzi wa mpaka, inayoshughulikia marekebisho, ukiwa na pasipoti, na muhuri kama uligongewa, ndipo utume maombi.