Jinsi ya kusoma utafiti wa tiba ya saikolojia kabla hujaubeba kwenye kikao

Mdogo wangu mmoja wa kazini, nesi wa kituo cha afya huko Ukerewe, alinitumia picha mbili za simu usiku. "Dada shikamoo. Mtumbwi wa dagaa umepinduka huku, watu wameokolewa. Mganga mfawidhi anataka tuwakusanye manusura wote kwenye darasa la shule, kila mmoja asimulie alichokiona. Picha ya kwanza inasema utafiti umethibitisha kuwa inasaidia. Ya pili inasema utafiti umethibitisha kuwa inadhuru. Nifuate ipi?"

Nikamwambia asifuate yoyote, apande feri ya Nansio aje. Alikuja na furushi la dagaa wakavu, tukakaa kibarazani kwangu Kirumba, Mwanza, kuanzia saa tano asubuhi hadi giza lilipoingia. Ninaandika hapa tulivyofanya, maana swali hili kwa watu wa ziwani halitaisha. Tangu MV Bukoba mwaka 1996 hadi MV Nyerere mwaka 2018, kila ajali ikitokea huja mtu mwenye nia njema na semina yake.

Hatua ya 1: Andika swali kwa kalamu

Usiandike "je, ushauri nasaha unasaidia?" Swali hilo ni pana mno, halina jibu. Yeye mwishowe aliandika hivi: "Manusura wa ajali wakipewa kikao kimoja cha kusimulia tukio ndani ya siku chache, je, mwaka mmoja baadaye wana dalili chache za kiwewe kuliko wasiopewa?" Hapo kuna watu, kuna kitu wanachofanyiwa, kuna wa kulinganishwa nao, kuna muda. Kimoja kikikosekana, rudia.

Hatua ya 2: Pata utafiti wenyewe

Picha ya simu si utafiti. Ikisiri, yaani ule ufupisho wa mwanzo wa makala, pia si utafiti, ingawa wengi wetu huishia hapo. Tafuta kwenye PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, ambayo ni bure. Makala ikiwa imefungwa, muulize mkutubi wa chuo au hospitali kama wana nywila ya Hinari, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya afya bila malipo au kwa bei ndogo.

Halafu chapisha. Najua wengine wanasomea kwenye simu, na siku hizi wapo wanaoiambia programu iwafupishie. Mimi hapana. Muhtasari hukupa kile ambacho mwandishi alitaka ukione, na sisi tunatafuta kile ambacho angependa ukipite haraka. Kurasa kumi na penseli yenye kifutio zinatosha.

Hatua ya 3: Kundi linganishi liko wapi?

Picha ya kwanza, ile ya "inasaidia", ilitoka kwenye ripoti ya mradi. Walipima watu wiki ya kwanza, wakafanya vikao, wakapima tena baada ya miezi mitatu, alama zikashuka. Basi.

Nilimuuliza mdogo wangu: wale wasiokwenda kwenye kikao, alama zao zilifanyaje? Hawakupimwa. Sasa, watu wengi wanaopata mshtuko mkubwa hukosa usingizi, hushtuka, huona tukio likijirudia kichwani, kisha wengi wao hupoa wenyewe ndani ya wiki na miezi. Ukimpima mtu siku anayotetemeka, kipimo cha pili karibu lazima kiwe kizuri zaidi, hata kama katikati ulimpa maji ya kunywa tu. Ripoti ile tukaiweka chini ya furushi la dagaa ili upepo usiipeperushe. Haikuwa na kazi nyingine.

Ninachotaka ni jaribio ambalo watu wamegawanywa kwa bahati nasibu: huyu apate kikao, huyu asipate, bila mtu kuchagua.

Hatua ya 4: Jedwali la kwanza, hapa usiwe na haraka

Hapa ndipo nilipoaibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Picha ya pili ilitokana na utafiti wa kweli, tena maarufu. Jonathan Bisson na wenzake waliuchapisha mwaka 1997 kwenye British Journal of Psychiatry. Walichukua watu wazima 133 walioungua moto, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata kikao cha kusimulia tukio, mtu peke yake au na mwenzi wake, ambacho kwenye semina tunakiita dibrifingi. Kundi la pili halikupata kitu. Aliyewahoji baadaye hakujua nani alitoka kundi lipi, na hilo ni jambo zuri. Baada ya miezi 13, watu 16 wa kundi la kikao, yaani asilimia 26, walikuwa na ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Kundi lisilopata kitu walikuwa 4, asilimia 9.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kwenye kikao cha wataalamu hapa mjini, nikasoma namba hizo kwa sauti kubwa, nikasema: dibrifingi inaumiza watu, imethibitika. Daktari mmoja mzee akaninyooshea kidole taratibu: "Binti, watu hawa walikuwa sawa mwanzoni?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma matokeo nikaruka jedwali la kwanza, lile linaloeleza watu walikuwaje kabla ya chochote kufanyika. Nililala saa tisa usiku huo, na usiku uliofuata pia.

Hawakuwa sawa. Watafiti wenyewe wanasema wazi: waliopangwa kwenye kikao walianza na alama za juu zaidi kwenye madodoso, na ajali zao za moto zilikuwa mbaya zaidi. Na mambo yote mawili yalihusiana na hali mbaya baadaye. Sehemu ya tofauti kati ya 26 na 9 ingeweza kuwa imeingia mlangoni pamoja na wagonjwa.

"Lakini si waligawanywa kwa bahati nasibu?" mdogo wangu akauliza. Ndiyo. Nikamchukulia mfano wa pale soko la samaki la Mwaloni. Ukifumba macho ukagawa sato kumi kwenye beseni mbili, si ajabu wakubwa watatu wakaangukia beseni moja. Hakuna aliyeiba. Ukigawa gunia la dagaa, beseni zitakaribiana zenyewe. Bahati nasibu husawazisha pale ambapo ni wengi, na watu 133 wako karibu zaidi na sato kuliko dagaa.

Kwa hiyo ninavyosoma jedwali hilo sasa ni hivi. Napita mstari kwa mstari, nguzo mbili kando kwa kando, na penseli. Kila mstari wenye tofauti najiuliza: je, jambo hili lenyewe linaweza kumfanya mtu aumwe zaidi mwaka ujao? Tofauti ya dini au rangi ya macho naiacha. Tofauti ya alama za mwanzo, ukubwa wa ajali, au ugonjwa wa akili wa zamani naizungushia duara. Kisha naandika pembeni mshale: tofauti hii inalibeba kundi lipi? Ikiwa mishale yote inaelekea upande uleule ambao matokeo yameelekea, napunguza sauti. Ikiwa inaelekea kinyume na bado matokeo yamesimama, naongeza imani. Baada ya hapo natafuta kama watafiti wamerekebisha hesabu zao kwa ajili ya tofauti hizo.

Tahadhari moja: usitegemee alama ya "tofauti si ya maana kitakwimu" kwenye jedwali hili. Tofauti inaweza kukosa ile nyota ya kitakwimu na bado ikaharibu matokeo, hasa kundi likiwa dogo.

Tahadhari ya pili: hesabu watu, usihesabu asilimia tu. Wale wa asilimia 9 ni watu wanne. Wangeugua wanne wengine, asilimia ingekaribia 18 na hadithi ingebadilika. Mdogo wangu alipoandika "4" kubwa kwenye karatasi na kuitazama, alinyamaza muda.

Na tahadhari ya tatu, ambayo ni kinyume cha zile mbili: usitoke hapa ukisema "basi utafiti ni takataka". Nilifanya hivyo pia, wiki moja baada ya kuaibika, nikawa natetea dibrifingi kwa hasira ileile. Dosari ya jedwali inapunguza uhakika wa madhara. Haikupi ushahidi wa faida hata chembe. Kundi la kikao halikufanya vizuri zaidi popote, na hilo bado limesimama.

Hatua ya 5: Utafiti wa pili, na muda mrefu zaidi

Usibaki na mmoja. Richard Mayou na wenzake, mwaka 2000, jarida lilelile, waliwafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani kwa miaka mitatu. Soma hapa polepole: walioanza na dalili kali wakapewa kikao walibaki na dalili. Walioanza na dalili kali wasipewe kikao walipona. Hawa wanalinganishwa wenye dalili kali kwa wenye dalili kali, kwa hiyo pingamizi la hatua ya nne linapungua nguvu, ingawa nao walikuwa wachache. Kisha kuna mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya majaribio na kuyapima kwa pamoja. Yalikusanya majaribio 15: kikao kimoja hakikuzuia msongo baada ya kiwewe, na waandishi wakasema kuwalazimisha watu kufanyiwa kukome.

Hatua ya 6: Wasikilize wanaobisha, kwa maneno yao

Jeffrey Mitchell, aliyeanzisha utaratibu huu wa dibrifingi mwaka 1983, alikuwa amefanya kazi ya zimamoto na huduma za dharura. Aliutengeneza kwa ajili ya vikundi vya waokoaji wanaofanya kazi pamoja, kama sehemu moja ya mpango mrefu. Watetezi wake wanasema: ninyi mmechukua mgonjwa mmoja aliyeungua, yuko kitandani, mmempa kikao kimoja, halafu mnasema njia yetu imeshindwa.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini tazama inakatia wapi. Mganga mfawidhi hakuwa anazungumzia waokoaji. Alikuwa anazungumzia wavuvi waliomeza maji. Kwa hiyo hata ukiwapa watetezi ushindi wote, swali letu la hatua ya kwanza halisogei. Nusu ya mabishano ya fani yetu huwa hivi: kila upande una haki kuhusu watu wake, na sisi wa tatu tunabeba jibu kwenda kwa watu wengine kabisa.

Uliza pia nani anauza mafunzo. Hilo halihitaji aya.

Hatua ya 7: Dodoso limeulizwa kwa lugha gani?

Tafiti za Bisson na Mayou ni za Uingereza. Mvuvi wa Ukara hasemi "nina kumbukumbu vamizi". Anasema "nina mawazo mengi", "moyo unanienda mbio", au hasemi kitu, anakataa tu kurudi majini. Nikitafuta utafiti wa karibu, naangalia kama kipimo kilijaribiwa kwa wenyeji. Wale wa Benchi la Urafiki kule Harare, Zimbabwe, mpango wa ushauri nasaha, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, walitumia dodoso la Kishona lenye maswali 14. Ndiyo maana nawaamini kuliko wengi. Kwetu, jaribio la tiba ya kiwewe kwa watoto yatima 640 lilifanyika Moshi na Bungoma, Kenya, likachapishwa mwaka 2020. Kenya faida ilidumu hadi miezi 12. Tanzania, kufikia muda huo, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu sawa. Usiseme "Afrika Mashariki imethibitisha".

Hatua ya 8: Mistari mitatu

Mfawidhi hana muda wa kurasa kumi. Mdogo wangu aliandika: "Kikao kimoja cha kusimulia kwa manusura wote hakijaonyesha kuzuia kiwewe, na huenda kikawadhuru walioumia zaidi. Uhakika wa kutokuwa na faida ni mkubwa, uhakika wa madhara ni wa kati. Tupendekeze huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa mwongozo wa WHO wa 2011, yaani kuangalia, kusikiliza na kuunganisha watu na ndugu na mahitaji, kisha tuwatembelee baada ya mwezi na kuwapima wanaotaka."

Alivuka kurudi kesho yake. Saa nne usiku akapiga simu: mfawidhi amekubali, ila kuna mama wawili wamekuja wenyewe kituoni, wanataka kuongea, awafukuze? Nikamwambia awawekee viti, awasikilize hadi wamalize. Hakuna karatasi tuliyosoma kibarazani iliyowahusu wao.