Ansible kwa anayeanza: kufunga nywila za SSH kwenye seva zote kwa mpigo

Wiki iliyopita nilikaa na mwenzangu anayeanza kazi ya kusimamia seva. Alikuwa na mashine nne za Ubuntu 22.04 kwenye wingu, na kila badiliko alilifanya kwa kuingia mashine moja moja na kuandika amri zilezile. Akifika ya nne, hakumbuki alichoifanyia ya kwanza. Njia tuliyopita ni Ansible, programu inayofanya badiliko moja kwenye seva nyingi kwa pamoja kupitia SSH, yaani njia salama ya kuingia seva kwa mbali.

Hatua ya 1: Sakinisha

Kwenye kompyuta yako tu:

```
pipx install --include-deps ansible
```

Seva zikiwa na SSH na Python, zinatosha. Ndiyo maana anayeanza namwelekeza hapa kabla ya Puppet, chombo kingine cha kazi kama hii, ambacho kwa kawaida hutaka wakala wake (programu ndogo ya kupokea maagizo) awekwe kwenye kila mashine. Kuziunda seva zenyewe ni kazi nyingine, mwachie Terraform. Na tafadhali usijifunzie kwenye seva zenye watumiaji: Multipass ya Canonical itakupa Ubuntu ndani ya laptopu yako bila kulipia wingu.

Hatua ya 2: Orodha ya seva

Faili `seva.ini`:

```
[wavuti]
192.168.64.11
192.168.64.12

[wavuti:vars]
ansible_user=ubuntu
```

Kisha `ansible -i seva.ini wavuti -m ping`. Ukiona `pong`, endelea.

Hatua ya 3: Pleibuku

Pleibuku ni faili lenye kazi ambazo Ansible itazifanya kwenye seva. Hili ni `ulinzi.yml`. Jongeza mistari kwa nafasi, kamwe si kwa kitufe cha Tab.

```
- hosts: wavuti
  become: true
  tasks:
    - name: Zima kuingia kwa nywila
      ansible.builtin.copy:
        dest: /etc/ssh/sshd_config.d/10-ulinzi.conf
        content: "PasswordAuthentication no\n"
        mode: "0600"
        validate: /usr/sbin/sshd -t -f %s
      notify: Anzisha upya ssh

    - name: Weka chrony
      ansible.builtin.apt:
        name: chrony
        update_cache: true

  handlers:
    - name: Anzisha upya ssh
      ansible.builtin.service:
        name: ssh
        state: restarted
```

Namba 10 kwenye jina la faili ina kazi yake. sshd, programu ya upande wa seva inayopokea miunganisho ya SSH, hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na seva za wingu mara nyingi huja na `50-cloud-init.conf` inayoweza kuwa na `PasswordAuthentication yes`. Ukiita faili lako `99-ulinzi.conf`, limeshachelewa.

Hatua ya 4: Endesha, na usiridhike kwa kukosa nyekundu

Anza na `ansible-playbook -i seva.ini ulinzi.yml --check --diff`, jaribio linaloonyesha tofauti bila kubadilisha kitu, kisha endesha bila `--check`. Acha dirisha jingine la SSH likiwa wazi mpaka umalize.

Hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kupoteza usiku mzima. Pleibuku yangu ilikuwa kama hiyo ya juu. Faili la SSH liliandikwa vizuri, lakini kazi ya apt (ya kuweka chrony, programu ya kusawazisha saa) ikakwama: seva ilikuwa ndiyo kwanza imewaka, na masasisho ya kujiendesha yalikuwa yameshika kufuli la dpkg, mfumo wa Ubuntu wa kusakinisha programu. Nikasubiri, nikaendesha tena. Hakuna nyekundu hata moja, yaani hakuna kazi iliyofeli. Nikalala. Siku ya pili `/var/log/auth.log` bado ilikuwa imejaa `Failed password`, maana yake seva ilikuwa inaendelea kupokea nywila.

Sababu ni namna hendla zinavyofanya kazi, yaani zile kazi zilizo chini ya `handlers`, zinazoitwa kwa `notify`. Hendla haiendeshwi pale inapoitwa. Husubiri kazi zote ziishe. Kazi ikifeli katikati, seva hiyo huachwa na hendla yake haifiki zamu. Ukirudia, Ansible inalikuta faili liko sawa, haibadilishi kitu, kwa hiyo haiiti hendla. Faili ni jipya, ila sshd inayoendesha bado ina mipangilio ya zamani kichwani.

Kilichonichelewesha zaidi ni `sshd -T`. Iliniambia `passwordauthentication no`, nami nikaamini. Amri hiyo inasoma mafaili yaliyopo sasa. Haiulizi sshd iliyokwisha kuwaka. Jaribio la kweli ni kubisha hodi mlangoni:

```
ssh -o PubkeyAuthentication=no -o PreferredAuthentications=password ubuntu@192.168.64.11
```

Ukiombwa nywila, bado. Unachotaka ni `Permission denied (publickey)`.

Dawa ziko tatu, nami natumia zote. Chini ya `become` weka `force_handlers: true`, ili hendla zilizokwisha kuitwa ziendeshwe hata kazi nyingine ikifeli. Baada ya kazi ya SSH ongeza `- meta: flush_handlers`, hendla iendeshwe papo hapo. Na kwenye apt weka `lock_timeout: 300`, isubiri kufuli kwa dakika tano, isipoandikwa ni sekunde 60 tu.

Kama tayari umekwama kwenye hali hiyo, kurudia pleibuku hakutasaidia. Anzisha SSH kwa mkono mara moja:

```
ansible -i seva.ini wavuti -b -m service -a "name=ssh state=restarted"
```

Kisha bisha hodi tena, kwenye kila seva iliyo kwenye orodha.